Modeli ilisema mvua hupunguza abiria

Mtu yeyote aliyewahi kusimama Mwenge saa kumi na moja jioni huku mvua ikishuka anajua kwamba mvua huongeza watu wanaotafuta usafiri. Modeli, yaani mashine ya hesabu inayojifunza kutokana na rekodi za nyuma, niliyoikuta ofisini nilipoanza kazi ya kutabiri mahitaji ya bajaji, bodaboda na teksi za mtandaoni jijini Dar es Salaam ilikuwa inasema kinyume. Kila wingu lilipofunga, utabiri wake ulishuka. Na kwa vipimo vyote vilivyotumika kuikagua, ilikuwa inapatia: ilitabiri safari chache, na kweli safari zikawa chache.

Karibu kila kitu ninachokijua leo kuhusu kazi hii nimekipata kwa kuufuata mgongano huo hadi mwisho wake. Haiwezekani watu wote wa Mwenge wawe wamekosea na jedwali letu la safari likawa sahihi. Lakini jedwali nalo halikuwa na uongo ndani yake. Tatizo lilikuwa kwenye swali ambalo mashine iliulizwa.

Mashine haikuwahi kufundishwa mahitaji. Ilifundishwa safari zilizokamilika, kwa sababu safari iliyokamilika ina nauli ndani yake, na chenye fedha hutunzwa vizuri tangu siku ya kwanza. Sasa fikiria kinachotokea Masika, kuanzia Machi hadi Mei. Mvua ikianza, vijana wa bodaboda wanajibanza chini ya mapaa ya vituo vya mafuta. Bonde la Msimbazi likijaa, Barabara ya Morogoro inafungwa pale Jangwani, na magari yote yaliyokuwa yapite hapo yanahamia barabara nyingine. Bajaji zilizobaki kazini zinakaa kwenye foleni na abiria mmoja kwa muda ambao siku ya kawaida zingebeba watatu. Tuseme watu mia moja wameomba usafiri na ishirini wamepata. Jedwali linaandika ishirini. Wale themanini hawana mstari wowote, na mashine inayosoma jedwali hilo inajifunza kwamba mvua ikinyesha watu hawasafiri.

Idadi ya safari haiwezi kuzidi kile kilicho kidogo kati ya viwili: watu wanaotaka kusafiri, na vyombo vilivyopo kuwabeba. Siku vyombo vikiwa tele, safari zinakuonyesha watu. Siku vyombo vikiwa haba, safari zinakuonyesha vyombo tu, nawe unadhani bado unawatazama watu.

Kwa asiyeijua kazi hii, utaratibu wenyewe ni huu. Jiji linakatwa vipande vidogo, muda unakatwa vipindi vya robo saa au saa nzima, na kila kipande katika kila kipindi kinapewa namba moja. Tunatumia H3, gridi ya pembesita ambayo Uber waliitoa bure kwa umma mwaka 2018. Kwenye daraja la 8 la gridi hiyo kipande kimoja kina wastani wa kilomita za mraba 0.74, na kwenye daraja la 9 kinashuka hadi kama 0.1. Kisha mashine inaonyeshwa historia. Wiki iliyopita saa kama hii palikuwaje, jana je, nusu saa iliyopita je, leo ni siku gani, kuna mvua au hakuna. Inajifunza kuunganisha hayo yote na namba inayofuata.

Vijana wanaojiunga nasi wakitoka chuo hutaka kuanza na mitandao ya neva yenye tabaka nyingi, modeli kubwa zilizobuniwa kwa kuiga ubongo. Nawaelewa, ndiyo inayoandikwa sana. Ila kwa data ya jiji moja, zana za miti ya maamuzi, zinazopanga maswali ya ndiyo au hapana yanayofuatana, kama XGBoost, ambayo Tianqi Chen na Carlos Guestrin waliieleza katika makala yao ya mwaka 2016, au LightGBM iliyotoka Microsoft, zimetufikisha mbali zaidi kwa gharama ndogo ya seva. Na kabla hata ya hizo nadai kitu kimoja: modeli yako iushinde kwanza utabiri wa mtu asiyefanya hesabu yoyote, yaani "itakuwa kama wiki iliyopita siku na saa kama hii." Utabiri huo ni mgumu kuushinda kuliko watu wanavyodhani. Jiji lina mazoea. Jumatatu asubuhi ya Tegeta inafanana sana na Jumatatu asubuhi iliyopita ya Tegeta, na modeli isiyoweza kuongeza lolote juu ya mazoea hayo haistahili kulipiwa umeme.

Jingine la haraka, maana limewapotezea muda wengi: seva hutunza muda wa UTC, ule wa kimataifa, nasi tuko saa tatu mbele. Ukikata siku kwa muda wa seva, saa tatu za kwanza za sikukuu zinaangukia siku iliyotangulia, na mkesha wa Mwaka Mpya unapoteza nusu ya maana yake.

Turudi kwa wale themanini. Jambo la kwanza lilikuwa kuwatafuta, na walikuwapo, kwa namna fulani. Kila mtu akifungua programu kwenye simu, seva inaguswa. Akitafuta bei, inaguswa tena. Akiomba na asipate dereva, kuna alama inabaki kwenye kumbukumbu za kiufundi ambazo wahandisi hutumia kutafuta hitilafu na kisha hufutwa baada ya muda mfupi. Hazikuwahi kuwekwa mahali pamoja na safari kwa kuwa hakuna aliyeziona kuwa na thamani. Tuliomba zisifutwe, tukaanza kuzipanga.

Hapo ukaja ugumu mwingine, wa upande wa pili. Mtu aliyekwama kwenye mvua haombi mara moja. Anaomba, anakosa, anaomba tena, anabadilisha kutoka bajaji kwenda gari, anasogea hadi kwenye kibanda cha M-Pesa, anaomba tena. Ukihesabu maombi yote unapata umati ambao haupo. Safari zinapunguza ukweli, maombi ghafi yanauzidisha. Tukaamua kuhesabu kile tulichokiita haja: maombi yote ya simu moja, ndani ya muda mfupi na eneo lilelile au la jirani, ni haja moja, iwe imepata chombo au imekosa. Kuweka mpaka wa huo muda mfupi si kazi ya hesabu peke yake. Uliza watu. Muuguzi anayetoka zamu ya usiku Muhimbili na kwao ni Chanika hawezi kukata tamaa ndani ya dakika kumi, kwa kuwa hana njia nyingine. Mwanafunzi aliyeko Mlimani City atajaribu mara mbili kisha apande daladala.

Tulipoifundisha mashine upya kwa haja badala ya safari, mvua iligeuka. Ikawa inaongeza mahitaji ya bajaji na magari, na kupunguza kidogo ya bodaboda, jambo ambalo dereva yeyote angekuambia bila malipo. Mashine ilikuwa ileile, hesabu zilezile. Kilichobadilika ni kile tulichokubali kukiita mahitaji.

Ila hata haja haiwaoni wote. Kuna mtu ambaye haifungui tena programu, kwa kuwa amejifunza kwamba hapati kitu. Huyo hagusi seva. Na hapa ndipo jambo hili linapoacha kuwa la kitaalamu tu, linakuwa la haki.

Niliwahi kukaa na madereva kwenye kijiwe cha bajaji Mbagala Rangi Tatu, nikitaka kujua kwa nini wengi wao walikuwa wamejiandikisha lakini simu zao zinazimwa inapofika jioni. Mzee mmoja alikuwa anafuta kioo cha mbele kwa gazeti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa hii simu?"

Nikamwambia mimi ni mmoja wao.

"Basi nikwambie. Hii simu yenu kila nikiiwasha inanivuta Mikocheni, inanivuta Masaki. Mimi nalala Mbagala. Abiria wangu wako hapa, wananijua kwa sura. Nikipeleka kichwa kimoja kule, kurudi narudi mtupu na foleni yote ile. Mafuta ni yangu, na hesabu ya bosi iko palepale. Sasa unaniambia huku hakuna abiria? Kaa hapa mpaka saa tatu usiku uwaone."

Nikakaa. Walikuwapo, wamejaa, wanapatana bei kwa mdomo. Kwenye ramani yetu eneo lile usiku lilikuwa na rangi hafifu kabisa.

Utaona mzunguko ulivyo. Utabiri unasema Masaki kuna watu, madereva wanapelekwa Masaki, kwa kuwa wapo Masaki safari zinafanyika Masaki, safari hizo zinaingia kwenye data, na mwezi unaofuata mashine inaifahamu Masaki vizuri zaidi. Mbagala, Gongo la Mboto, Kivule na Chanika, ambako wanaishi watu wengi mno kati ya wale 5,383,728 ambao Sensa ya 2022 iliwahesabu mkoani Dar es Salaam, zinazidi kufifia. Hakuna aliyekaa kikao akaamua watu wa Chanika wasihudumiwe. Ni hesabu tu inayojilisha matokeo yake yenyewe, na kila mzunguko unaifanya ionekane ina ushahidi zaidi.

Tumetumia njia mbili kuukata mzunguko huo. Ya kwanza iko ndani ya hesabu. Kama katika kipindi fulani vyombo vyote vya eneo vilikuwa na abiria, au havikuwapo kabisa, hatuiambii mashine kwamba mahitaji yalikuwa ishirini. Tunaiambia yalikuwa angalau ishirini, na kanuni ya kujifunza inaadhibu utabiri ulio chini ya hapo tu, si ulio juu. Mbinu hii ni ya zamani. Wanatakwimu wa afya huitumia kwa wagonjwa ambao utafiti umekwisha wakiwa bado hai, maana wanachojua juu yao ni kwamba wameishi angalau hadi siku ile. Inashangaza jinsi inavyosahaulika ikifika kwenye usafiri.

Njia ya pili iko nje ya hesabu, na ndiyo iliyozua ubishi mkubwa ofisini. Mahali ambapo data iko kimya, hakuna fomula itakayoisemesha. Lazima upeleke chombo ukaone. Yaani baadhi ya madereva, kwa zamu, waelekezwe maeneo ambayo mashine inayaona matupu, wakae huko kwa muda wa kutosha hadi watu wazoee kwamba wakiomba wanapata. Siku za mwanzo chombo kitakaa bure. Swali ni nani analipa kukaa huko bure. Nimesimamia msimamo mmoja tangu mwanzo, na bado nausimamia: anayetaka kujifunza ndiye anayelipa. Dereva wa mkataba ambaye kila wiki anapeleka fedha kwa mwenye chombo hawezi kuwa ndiye anayegharamia utafiti wa kampuni kwa mafuta yake. Tulikubaliana awekewe kima cha chini kwa saa hizo. Akipata vichwa vya kutosha, vizuri. Asipopata, anafidiwa. Kiasi chenyewe kilipunguzwa mara kadhaa mezani kabla ya kupitishwa, na kwa maoni yangu bado ni kidogo.

Watu wakisikia neno utabiri hufikiri kosa ni dalili ya uzembe, kwamba modeli bora ingepatia namba yenyewe. Nimetumia muda mwingi kuwaeleza mameneja kwa nini sivyo. Chukua eneo ambalo wastani wake wa kweli ni maombi manne kwa saa. Kila mtu anaamua kivyake, hakuna anayemwambia mwenzake. Kwa mgawanyo wa Poisson, kanuni ya takwimu inayoelezea vizuri mambo ya aina hii, mkengeuko wa kawaida, yaani kiasi ambacho namba huyumba kutoka kwenye wastani, ni kipeuo cha pili cha wastani huo, hapa mawili. Maana yake, hata ukiujua ukweli wote, hata ungekuwa na modeli isiyo na dosari hata moja, saa moja utapata mawili na saa nyingine sita, na hakuna kosa lililofanyika. Sasa chukua eneo lenye wastani wa maombi 100. Mkengeuko ni 10, sehemu ya kumi tu. Kwa hiyo modeli ileile itaonekana ya ajabu Kariakoo mchana na ya hovyo Bunju usiku, bila ubora wake kubadilika.

Ndiyo maana kuchagua ukubwa wa vipande ni uamuzi mzito kuliko kuchagua aina ya modeli. Ukikata jiji vipande vidogo mno, karibu kila kipande kina sifuri karibu kila wakati, na modeli ya kivivu inayosema sifuri kila mahali itapata alama nzuri. Ukikata vikubwa mno, unamwambia dereva "kuna abiria Kinondoni," jambo ambalo halimsaidii kitu. Tunatumia vipande vidogo katikati ya jiji na tunaviunganisha pembezoni. Na kipimo cha kosa kwa asilimia tulikiacha kabisa, kwa sababu huwezi kugawanya kwa sifuri, na palipo na ombi moja ukitabiri mawili kinakuandikia kosa la asilimia 100 kana kwamba umeleta maafa.

Kalenda nayo inahitaji mtu anayeishi hapa. Mwanzoni nilijifunzia kazi hii kwa data ya New York, ambako mamlaka ya teksi ya jiji imechapisha rekodi za safari tangu zile za mwaka 2009 na mtu yeyote anaweza kuzipakua. Ni darasa zuri sana, nalipendekeza kwa kila anayeanza. Hata namna walivyobadilika ina somo: tangu safari za katikati ya mwaka 2016 hawatoi tena nukta kamili ya mtu alipopandia, wanatoa namba ya kanda tu, kulinda faragha ya wasafiri. Nasi tulilifuata hilo hata kabla Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi haijaanza kutumika hapa Mei 2023. Lakini data ya New York haitakufundisha Ramadhani ya Dar.

Mwezi mtukufu hubadilisha umbo la siku nzima. Wimbi la jioni linasogea mapema, kila mtu anataka awe kwake kabla ya magharibi. Kisha adhana inaadhiniwa na ramani inazimika, pande zote mbili kwa pamoja, kwa kuwa dereva naye anafuturu. Baada ya tarawehe uhai unarudi, na kumi la mwisho Kariakoo haifungi mapema, watu wanatafuta nguo za sikukuu. Mashine inayotumia kalenda ya kawaida haiwezi kulishika hili, maana kila mwaka Ramadhani inarudi nyuma siku kama kumi na moja. Inabidi uipe tarehe ya Hijria, na uipe dakika zilizobaki kufika magharibi badala ya saa tupu. Na Idi haina tarehe hadi mwezi uonekane. Kwa hiyo tunaandaa tabiri mbili za siku mbili, na mtu anabaki macho usiku ule kusikiliza tangazo kisha kuchagua ipi itumike. Hakuna aibu katika hilo. Ndivyo sikukuu yenyewe ilivyo.

Kisha kuna Aprili 2022, ambayo naitumia hadi leo kumfundisha yeyote anayeniambia data ikiwa nyingi itajisemea. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, ilikuwa imetoka kuweka ukomo wa asilimia 15 kwa kamisheni ambayo kampuni za mtandaoni zinamkata dereva. Katikati ya mwezi, Uber ikasitisha huduma zake nchini. Ilirejea Januari 2023, baada ya ukomo huo kupandishwa hadi asilimia 25. Mwezi huohuo ulikuwa wa Ramadhani, iliyoanza siku zake za mwanzo. Ulikuwa pia wa Masika. Na bei ya mafuta ilikuwa inapanda kila EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, ilipotangaza, hadi Mei petroli Dar es Salaam ikapita shilingi 3,000 kwa lita.

Maombi kwetu yalipanda kwa kasi. Mashine ikayaona yote haya mara moja, kwa mara ya kwanza, na ikabidi igawe sifa. Ramadhani ikapewa sehemu, mvua ikapewa sehemu, na mkondo wa ukuaji ukavimba kana kwamba jiji zima limeamua kutuhamia. Hakuna hesabu inayoweza kuvitenganisha vitu vilivyokuja pamoja na kuondoka pamoja. Mtu anaweza, kwa kuwa mtu anasoma habari. Tulikaa, tukaandika tarehe za kila tukio na chanzo chake, tukaziweka kwenye data kama alama, na mwaka uliofuata hatukuiruhusu modeli itumie Aprili ile kama mfano wa Aprili ya kawaida. Daftari lile la matukio linaendelea hadi leo. Kwa mtazamo wangu ni mali kubwa kuliko modeli, kwa sababu modeli naweza kuifundisha tena kwa usiku mmoja, lakini nikiulizwa leo ni nini kilitokea wiki ya tatu ya mwezi fulani miaka mitatu nyuma, bila daftari sina jibu.

Humo utakuta mambo ya kila aina. Mabasi ya mikoani yalipohama Ubungo kwenda kituo cha Magufuli pale Mbezi Luis mwaka 2021, wimbi lote la alfajiri lilihama nayo, na Ubungo ya kwenye historia ikawa haipo tena. Serikali iliporuhusu tena mabasi kusafiri usiku mwaka 2023, alfajiri yenyewe ikalegea na kusambaa. Treni ya SGR ilipoanza safari za Morogoro na kisha Dodoma katikati ya 2024, stesheni ikawa na mipigo mifupi mikali: dakika chache mamia ya watu na mabegi, kisha kimya. Simba na Yanga zikikutana Uwanja wa Mkapa, Temeke yote inajaa kabla na kufurika baada. Sabasaba inaibeba Barabara ya Kilwa kila Julai. Mengi kati ya haya yanajulikana kabla hayajatokea. Ratiba ya treni imechapishwa, ratiba ya ligi imechapishwa. Kumwachia algoridhimu ikisie kitu kilichobandikwa ukutani ni kupoteza nguvu zake.

Mvua ndiyo pekee isiyo na ratiba, na nayo ina mtego. Unapofundisha mashine kwa rekodi za zamani, unaipa mvua iliyonyesha kweli. Unapoitumia kazini, huna mvua ya saa mbili zijazo. Una utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, na utabiri una mashaka yake. Modeli iliyofundishwa kwa uhakika kisha ikalishwa mashaka itavimba kichwa. Ifundishe kwa tabiri za hali ya hewa kama zilivyotolewa siku ile, hata kama alama zake za majaribio zitashuka. Alama hizo zitakuwa za kweli.

Limebaki jambo la namna ya kumwambia dereva. Ukichukua utabiri mzuri ukawaonyesha madereva wote kwa pamoja kwamba Posta kutakuwa na abiria wengi saa kumi na moja, wote wataenda Posta. Saa kumi na moja Posta kuna bajaji na magari kuliko watu, na kwingine kote kumekauka. Utabiri ulikuwa sahihi ulipotolewa, ukaharibika kwa kutolewa. Kwa hiyo hatutoi tena ramani moja kwa wote. Mfumo unahesabu nani yuko karibu na wapi, wangapi tayari wanaelekea huko, na nani ameeleza anataka kumalizia siku karibu na kwake, ndipo kila mmoja anapata pendekezo lake. Hilo la kumalizia karibu na kwake lilitoka moja kwa moja kijiweni Mbagala, na limerudisha simu nyingi hewani jioni.

Tena hatumpi dereva namba moja. Tunampa masafa: hapa saa ijayo, maombi kati ya mawili na saba. Wenzangu waliogopa kwamba dereva hatayaelewa. Nilikwenda kuwauliza Tegeta, kijiwe cha karibu na Nyuki.

"Dada, hii mbili mpaka saba maana yake nini?" aliniuliza kijana mmoja.

Nikamweleza: siku mbaya mawili, siku nzuri saba, mara nyingi katikati.

"Basi mbili ndiyo ya kuangalia," akasema. "Nikitoka hapa kwenda huko nikapata mbili, mafuta yanarudi? Yakirudi, naenda. Hiyo saba ni bahati yangu."

Wenzake wakakubaliana naye, isipokuwa mmoja aliyesema yeye angeangalia saba kwa kuwa bajaji ni yake na hana hesabu ya kupeleka kwa mtu. Tangu siku ile namba ya chini ndiyo tunayoiandika kwa herufi kubwa, na ndiyo tunayoikagua kwa ukali zaidi kila Jumatatu: kati ya mara zote tulizosema hapatakuwa na chini ya mawili, ni mara ngapi palikuwa na chini ya hapo, na katika maeneo yapi. Chanika na Kivule zinakaguliwa peke yake, zisimezwe na wastani wa jiji. Bado ndizo zenye makosa makubwa kuliko kwingine. Wiki hii tumeomba saa za kima cha chini ziongezwe huko kuanzia saa tisa usiku hadi alfajiri, wakati wauguzi, walinzi na wanaowahi soko la Ilala wanapoanza kutoka.